Maltipoo wa wiki 12 Malindi: manyoya, kupe na joto

Binti Shella
Hamjambo nyote. Nina swali kuhusu mbwa mdogo chotara, maltipoo jike mweupe, wiki 12, kilo 1.6. Mama ni maltese wa kilo 3.2, baba ni poodle mdogo wa kilo 4. Manyoya ni ya mawimbi, si ya kujikunja sana. Atafika ukubwa gani? Vidonge vya kupe aanze lini? Anyolewe kabisa kwa joto hili la kaskazi? Na maji ya kisima yenye chumvi yanafaa kumwogeshea?

Kaka Mifugo
Dada, la ukubwa ni jepesi. Mbwa wadogo namna hii, uzito wa wiki 12 huwa karibu nusu ya uzito wao wa mwisho. Huyo atasimama kwenye kilo 3 na nusu hivi, haendi mbali na wazazi wake.

Kupe ndio kazi. Vidonge vingi vya kutafuna vinataka mbwa awe na wiki 8 na zaidi, na uzito usiopungua kilo 2. Umri anao, uzito hana. Usikate kidonge cha mbwa mkubwa ukampa robo, maana dawa haikusambaa sawasawa ndani ya kidonge. Kwa sasa tumia dawa ya kupuliza ya fipronil, ambayo hata watoto wachanga wa mbwa huvumilia: mililita 3 hadi 6 kwa kila kilo, yaani huyu wako 5 hadi 10. Vaa glavu, pulizia kinyume cha manyoya ili ifike kwenye ngozi, usoni mpake kwa kidole. Usimwogeshe siku mbili kabla wala siku mbili baada. Akifika kilo 2 ndipo mwende kwa daktari mkachague kidonge.

Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, hapana. Kwa mbwa wa kilo moja na nusu, kukosea kipimo kidogo tu ni sumu.

Kumbuka pia kupe wa mbwa wa hapa hukaa nyumbani zaidi ya porini. Jike akishiba hudondoka, hupanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Ukimtibu mbwa ukaacha nyufa za ukuta na matandiko yake, umefanya nusu ya kazi. Angalia ufizi wake kila wiki: ukipauka, akakataa kula, akatoka damu puani au mkojo ukawa kama chai ya rangi, ni kliniki siku hiyo hiyo.

Halafu usidanganywe na maneno ya wauzaji kwamba chotara haugui. Kuchanganya damu husaidia pale kasoro iko upande mmoja. Maltese na poodle wadogo wote wawili wana tatizo la pia ya goti kuteguka na meno kuoza mapema, kwa hiyo mtoto hurithi kotekote. Ukimwona anakunja mguu wa nyuma hatua mbili tatu kisha anaushusha kama hakuna kitu, ni goti hilo.

Kijana wa Maweni
Nyoa zote dada, kipara kabisa. Joto hili mbwa wa manyoya ataiva.

Fundi Mkasi
Kijana, hapo sikubaliani nawe. Mbwa mweupe hivyo ngozi yake ni ya waridi, jua la Malindi litaiunguza. Acha sentimita 1 hadi 1.3 mwili mzima, lakini tumboni na katikati ya vidole punguza zaidi. Urefu huo hewa inapita na kupe anaonekana.

Kuchana ni kila siku, na kuna namna yake. Brashi peke yake inadanganya: juu panang'aa, chini pameshikana kama jamvi. Gawanya manyoya kwa kidole mpaka uone ngozi, piga brashi fungu dogo dogo, kisha pitisha kitana cha chuma kuanzia kwenye ngozi. Kitana kikikwama, hapo hapajaisha. Sehemu za kujificha ni nyuma ya masikio, makwapani, na pale mshipi unaposugua.

Mchane kabla ya kumwogesha, si baada, kwani fundo likilowa hukaza. Maji ya kisima yatumie kwa sabuni ukipenda, ila suuza ya mwisho iwe maji matamu ya mfereji, maana chumvi ikikaukia ngozini huwasha. Akitoka baharini ni vivyo hivyo. Kausha masikio kwa pamba. Na maji ya kunywa yawe matamu siku zote.

Mama Pwani
Naongeza ya tumbo na ya matembezi. Umri huu mpe mara 4 kwa siku. Mbwa mdogo hivi akikaa na njaa sukari hushuka: anatetemeka, anayumba, analegea. Mpake asali kwenye ufizi, kisha daktari. Biriani msimpe hata tonge, ina vitunguu na zabibu, vyote sumu kwake. Wali wa nazi una mafuta mengi, kongosho haliyawezi.

Akimaliza chanjo, mtembeze kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, kwa mshipi wa kifuani, si kola, kwani bomba la hewa la mbwa hawa ni laini. Jioni shika kamba fupi. Watu wanakwenda kuswali magharibi, na kanzu ikiguswa na mdomo wa mbwa, mwenyewe ana kuosha mara saba, moja kwa udongo. Joto la mwili likipita 40, mmwagie maji ya mfereji tumboni na makwapani, mweke mbele ya feni. Usimfunge taulo mbichi, inazuia joto kutoka. Likishuka 39.5 acha, mpeleke kliniki.

Binti Shella
Asanteni sana. Fundi, kwapani kumeshafanya rasta moja, ukubwa wa ukucha. Nikate kwa mkasi?

Fundi Mkasi
Hapana dada. Rasta huvuta ngozi ikaingia ndani yake, unadhani unakata manyoya kumbe unakata kwapa. Nyunyizia unga wa mahindi ule laini wa kukolezea mchuzi, bana shina kwa vidole viwili, ufumue kwa ncha ya kitana kuanzia nje kuja ndani. Likigoma dakika 5, pitisha mashine chini yake, ubapa ukiwa umelala kwenye ngozi.