Filamu ya kutisha ya Howling III ya mwaka 1987: yafaa kuanza na hiyo kabla ya zile mbili?

Mkaazi wa Kibokoni:
Assalamu alaykum. Juzi nilimkuta ami yangu akitazama nusu ya mwisho ya Howling III, nami nikashangaa kuona kuwa binti anayegeuka mnyama ana mfuko tumboni kama kangaruu. Sijaona ya kwanza wala ya pili. Je, nikianza na hii nitapotea? Na jambo lenyewe la mfuko, ni mzaha?

Msomaji wa Makadara:
Waalaykum salaam. Hutapotea, kwa sababu kinachoendelea ni jina tu. Ya kwanza, ya 1981, iliongozwa na Joe Dante. Ya pili aliiongoza Philippe Mora, akapiga picha Chekoslovakia akiwa na mwigizaji Christopher Lee, mzee ambaye baadaye alimwomba Dante radhi kwa kushiriki humo. Katika ya tatu Mora alirudi Australia alikokulia, akaanza hadithi upya kabisa.

Mwalimu wa Likoni:
Mzaha umo, lakini si mzaha mtupu. Viumbe hawa wamejengwa juu ya yule mnyama wa Tasmania, kisiwa cha Australia, mwenye milia mgongoni na mfuko tumboni, ambaye serikali ya huko ililipa watu wamuue tangu 1888 hadi 1909, na ambaye wa mwisho kujulikana alifia katika bustani ya wanyama ya Hobart mwaka 1936. Ndiyo maana huruma ya filamu iko upande wa wanaowindwa. Tazama Jerboa, yule binti mwenye mfuko, anapojifungua: kitoto hutoka kikiwa kidogo mno, kikapanda chenyewe kwenye manyoya ya tumbo la mama hadi kikaingia mfukoni. Watu hucheka hapo, ilhali kangaruu huzaliwa vivyo hivyo, akiwa na ukubwa wa punje ya haragwe.

Baharia Mstaafu:
Mwalimu, nakubali habari za mnyama, ila tusimfiche ndugu yetu umaskini wa kazi yenyewe. Katika hii ya tatu mchezaji densi mmoja anazunguka mazoezini, na kila akizunguka uso umebadilika. Hila ni ya mkasi wa mhariri, na vinyago vinaonekana kuwa vinyago. Anayetaka kuogopa aitazame ya kwanza, ambamo Rob Bottin, fundi wa vinyago, alitia vifuko vya hewa chini ya ngozi ya bandia, uso ukawa unafura mbele ya macho yako bila kukatwa picha.

Mkaazi wa Kibokoni:
Shukran nyote. Nitaanza na ya tatu. Tangu utotoni tumesimuliwa habari za jini mwanamke anayeficha kwato chini ya buibui, lakini sikumbuki hata bibi mmoja aliyewahi kutueleza jini huyo anamleaje mwanawe. Ami sasa anaulizia ya nne, na mimi nimejitia sikusikia.