Nyanya za kijani na baridi ya Juni, Njombe

MamaBustani: Wakuu, mashina bado yamejaa nyanya za kijani na baridi ndiyo hii. Nichume?

JembeKuukuu: Chuma kabla ya sakitu (baridi ya kugandisha). Pasua moja kwanza: mbegu zikiwa kwenye utelezi na zinateleza kisu kikipita bila kukatika, za ukubwa huo zitaiva ndani ya nyumba. Zikikatika, hizo ni za achari tu. Panga safu moja kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu, nyuzi 18 hadi 21. Friji hapana! Chini ya nyuzi 10 haziivi vizuri, na ladha inapotea.

MamaBustani: Vikonyo je?

JembeKuukuu: Toa, vinatoboa za jirani.

Mzee wa Matuta: Zenye mabaka ya kahawia magumu zina ugonjwa wa bakajani chelewa. Usizichanganye, zitaoza zikiwa boksini. Kagua boksi kila baada ya siku mbili.