Maoni yetu kwa rasimu ya mkoa: tetemeko kubwa

Mama Neema: Habari za jioni majirani. Rasimu ya mpango wa mkoa wa kujiandaa na tetemeko kubwa hiyo hapo juu. Maoni mwisho Ijumaa.

Inj. Kombo: Nimeimaliza. Kasoro yake inaanzia ukurasa wa kwanza: imechukulia kwamba serikali ya mkoa yenyewe itakuwa nzima. Haiti mwaka 2010 ikulu iliporomoka, majengo mengi ya wizara pia, hata makao makuu ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa, na mkuu wake akafia humo. Walioandikwa kuwa waokoaji wakawa wa kuokolewa.

Nassor: Kwa hiyo wabomoe jengo la mkoa wajenge jipya? Hela iko wapi

Inj. Kombo: Hilo la kujenga ni la miaka. La mwezi huu ni kuteua kituo cha pili cha uratibu: jengo la ghorofa moja, mbali na la kwanza, lisilotegemea daraja lile lile wala laini ile ile ya umeme. Kila cheo kiwe na makaimu watatu kwa majina, wasioishi mtaa mmoja. Na idhini ya kutumia fedha za dharura isainiwe sasa hivi, maana mwenye saini akiwa kifusini hata dizeli hainunuliki.

Mzee Salum: Wameandika "kikao kitaitishwa kwa simu ndani ya saa moja" 😄

Zuhura: Shikamoo Mzee. Hiyo simu haitatoka. Kila mtu anapiga kwa wakati mmoja, mtandao unaelemewa, halafu betri za minara nazo hudumu saa chache tu umeme ukikatika. Waandike kinyume chake: mtikisiko ukiwa mkali kiasi cha kushindwa kusimama, ofisa akishahakikisha familia yake iko salama aende kituoni bila kuitwa. Lile la Uturuki la Februari 2023 lilipiga saa kumi na dakika 17 alfajiri, watu wamelala. Nani angempigia nani?

Zuhura: Redio za VHF (za masafa mafupi) zitumike ndani ya wilaya, HF (za masafa marefu) kati ya wilaya na mkoa. Simu za setilaiti ni nzuri, ila hazishiki ndani ya jengo bila antena ya nje, na zikikaa kabatini bila kuchajiwa hukutwa zimekufa.

Mzee Salum: Marahaba. Na jenereta?

Inj. Kombo: Iwashwe kila mwezi dakika 30 ikiwa na mzigo. Kuiungurumisha bure hakuonyeshi kitu. Ifungwe kwa bolti sakafuni, na bomba la mafuta liwe na kipande kinachopinda, la sivyo linakatika palepale. Kinachoangusha jenereta nyingi ni betri ya kuwashia na dizeli iliyochacha.

Sista Rehema: Sehemu ya hospitali ni aya mbili tu!! Hospitali ya Olive View, California, iliharibika vibaya mwaka 1971 ikiwa bado mpya. Ikajengwa upya imara kwelikweli, na tetemeko la mwaka 1994 halikuiangusha, lakini mabomba ya maji yakapasuka ndani na wagonjwa wakahamishwa. Nondo peke yake haitoshi. Mabomba, dari, matangi ya juu na rafu za dawa vifungwe. Mtungi wa oksijeni ufungwe minyororo miwili, juu na chini; mmoja hauzuii kuchomoka.

Sista Rehema: Tena waokoaji wafundishwe: aliyebanwa miguu kwa saa nyingi asivutwe tu. Uzito ukiondoka, potasiamu kutoka kwenye misuli iliyopondeka inaingia kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Mhudumu wa afya aanze dripu ya chumvi kabla ya kumtoa. Si ile dripu ya Ringa, ile ina potasiamu.

Nassor: Maji wamesema "yatasambazwa". Basi.

Mama Neema: Tuwapigie hesabu. Kiwango cha kambini ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu 10,000 ni lita 150,000, yaani maboza 15 ya lita 10,000 kila siku, na vyoo 500 kwa watu 20 kila kimoja. Rasimu ina maboza manne.

Inj. Kombo: Na moto umesahauliwa. Kobe, Japani, tetemeko la mwaka 1995 mabomba ya mjini yalikatika, zimamoto wakakosa maji nyumba zikiwaka. Matangi makuu yawekwe valvu za kujifunga zenyewe, yasije yakamwagika yote kupitia bomba lililopasuka.

Nassor: Ukaguzi wa majengo ndio nimeuelewa. Stika ya kijani unarudi ndani 👍

Inj. Kombo: Hapo ndipo pa hatari, Nassor. Christchurch, New Zealand, jengo la kituo cha televisheni cha CTV lilipewa kijani baada ya tetemeko la Septemba 2010. Tarehe 22 Februari 2011 likaanguka, watu 115 wakafa. Kijani cha haraka ni ukaguzi wa macho tu. Stika iandikwe tarehe na aina ya ukaguzi, na mtikisiko mwingine mkubwa ukija, ukaguzi unaanza upya.

Mzee Salum: Kwenye zoezi la mwaka, mkuu aambiwe asubuhi: "Wewe leo umefukiwa, kaa pembeni." Tuone kaimu wa tatu kama anajua hata ufunguo wa ghala uko wapi.

Mama Neema: 😂 Naandika hivyo hivyo. Sista, nitumie orodha ya vya kufunga hospitalini kabla ya Alhamisi.