Dada wa kazi: nimchukue binti wa Iringa au mama wa Malawi?

Mama wa Kimara
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naombeni ushauri, siku zimenibana. Likizo yangu ya uzazi, zile siku 84, inaisha wiki ijayo na mtoto bado ananyonya. Kuwahi mwendokasi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, kurudi ni giza. Nahitaji dada wa kulala hapahapa.

Wapo wawili. Kuna binti wa Iringa anayeletwa na shangazi, ana miaka 16, kaishia la saba, mshahara 70,000 na nauli juu yangu. Mwingine ni mama wa Malawi, wa miaka thelathini na kitu, nimeletewa na jirani. Anataka 150,000. Mtaani wote wananiambia Wamalawi wana adabu, hawana ndugu wa kuwasumbua, hawakimbii ikifika Krismasi. Mume wangu anamtaka huyo. Mimi nasita, na dada wawili waliopita, wa hapahapa nchini, waliniacha. Mmoja aliondoka nikiwa kazini, mwanangu wa kwanza nikamkuta kwa jirani.

Mzee wa Tabata
Pole mwanangu. Chukua Mmalawi. Nimekaa nao wawili, wachapakazi, na Kiswahili wanakishika haraka. Ila pasipoti yake itunze wewe, hapo hatoki.

Mwana Kyela
Shikamoo mzee wangu, lakini hilo la pasipoti hapana. Kumshikia mtu pasipoti ni kumfunga kamba.

Nimekulia jirani na Kasumulu, mpakani na Malawi. Wangonde wa ng'ambo, upande wa Karonga, tunasikilizana lugha na tumeoleana, kwa hiyo sisemi haya kwa kuwachukia. Mpakani wengi wanagongewa muhuri wa matembezi, kisha wanakuja Dar kufanya kazi. Siku zikiisha, anarudi kugonga tena au anabaki kimyakimya. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inataka kibali cha Kamishna wa Kazi, na mwajiri aonyeshe kwanza kwamba Mtanzania wa kazi hiyo amemkosa. Kwa kufua na kulea utasemaje umemkosa? Mkikamatwa, kesi ni ya kwake na ya kwako pia.

Ua la Mbagala
Mimi nilikuwa na Mmalawi miaka miwili, na nilimpenda. Siku moja taya lilimvimba kwa jino. Nikamwambia twende hospitali, akakataa, akakaa wiki nzima anasukutua maji ya chumvi. Kumbe anaogopa kuulizwa kitambulisho. Hata sokoni alikuwa anazunguka njia ya mbali asipite karibu na kituo cha polisi. Ile adabu niliyokuwa nikiisifu kwa majirani ilikuwa woga. Sikulala vizuri tangu nilipojua.

Niliyetoka Makete
Mimi nimewahi kuwa dada wa kazi. Nililetwa Dar nikiwa na miaka 15. Mama yangu aliambiwa nakuja kusoma cherehani. Mshahara wangu ukawa "unatunzwa". Desemba nikaomba kwenda nyumbani, nikaambiwa nisubiri Pasaka. Niliondoka alfajiri kwa nauli niliyopewa na mama wa genge. Huko nyuma nina hakika nilisemwa kwamba nimekimbia.

Dada yangu, huyo wa miaka 16 ni mtoto. Unamwachia kichanga cha miezi mitatu kutwa nzima, akipaliwa maziwa atafanya nini? Nami nilikuwa nasinzia na mtoto mgongoni. Tafuta mtu mzima wa hapahapa, umlipe hiyo hiyo 150,000 uliyokuwa tayari kumpa mgeni.

Mwana Kyela
Naunga mkono. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri na 120,000 kwa anayerudi kwake, na hicho kilikuwa kiwango cha chini kabisa wakati huo. Andikianeni mkataba: siku ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ukikwama, waulize CHODAWU, chama cha wafanyakazi, wakiwemo wa majumbani.

Mama wa Kimara
Nimewasoma wote usiku nikinyonyesha. Shangazi nimemwambia binti abaki, kanuna. Mama wa Malawi nilimwita nikamweleza kwa nini siwezi. Akasema ameshazoea kuambiwa hivyo. Niliumia sana. Nimempa ya nauli, sina zaidi.

Kuna mama wa Singida anayefulia watu hapa mtaani, mtoto wake yuko la nne kwa bibi yake. Tumekubaliana 150,000, Jumapili ni yake, na Desemba anakwenda kwao. Nami nitaomba likizo siku hizohizo. Siku hizi zilizobaki nashinda naye nyumbani tuzoeane. Swali limebaki moja: vyumba ni viwili, mume wangu anasema alale sebuleni ili chumba kibaki cha watoto. Nyie mnafanyaje?

Niliyetoka Makete
Sebuleni hapana, dada. Mpe chumba na watoto, na mlango uwe na komeo la ndani.