Tupeane uzoefu: Mtangazaji wa mpira redioni aliyekufanya uuone uwanja

Wadau, mwaka 2025 tuliwapoteza watangazaji Leonard Mambo Mbotela wa redio ya Sauti ya Kenya, mwezi Februari, na Charles Hilary mwezi Mei. Hilary wengi tulimjulia Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), kabla ya Radio One na idhaa za Ulaya. Tuwaenzi kwa kuandika tulivyosikiliza.

Naanza. Kwetu Songea redio ya mkulima ilikaa dirishani, antena imeungwa waya hadi juu ya mpapai. Jambo la kwanza mtangazaji alitupanga: Simba wanashambulia goli la kaskazini, Yanga la kusini. Basi tunachora uwanja mchangani, kijiti ndiyo mpira. Akisema wingi ya kulia, karibu na kibendera cha kona, kijiti kinahamia huko. Baadaye nikasoma kwamba BBC ilipotangaza mechi yake ya kwanza ya soka, Arsenal na Sheffield United, tarehe 22 Januari 1927, jarida la Radio Times lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa visanduku vyenye namba ili msikilizaji afuatilie. Sisi mchoro tulijichorea. Mtangazaji mzuri kwangu ni yule anayetaja mpira ulipo kwanza, mbwembwe baadaye.

Mdau, Tabora: 1979, Simba na Mufulira Wanderers ya Zambia. Dar tulikuwa tumepigwa 4-0, mzee akapiga marufuku redio kufunguliwa siku ya marudiano kule Lusaka. Jirani akafungua yake, tena sauti juu. Bao la kwanza mzee kajifanya hasikii. La pili kasogea uani. Lilipoingia la nne alikuwa keshakaa mkekani kwa jirani, hajaulizwa wala hajakaribishwa. Simba ikamaliza 5-0. Mpaka anafariki alilisimulia lile bao la tano kana kwamba alilishuhudia kwa macho.

Mdau, Kisumu: Huku ni Gor Mahia 1987, fainali ya Kombe la Mandela la klabu za Afrika. Tunis 2-2 na Espérance, Kasarani 1-1, kombe letu kwa mabao ya ugenini. Nyumba iliyokuwa na televisheni ilizima sauti yake ikawasha redio, kwa sababu bila redio mechi ilikosa uhai. Mohammed Juma Njuguna angeweza kukufanya usimame kwa mpira wa kurusha tu!

Mdau, Morogoro: Msimsahau Halima Mchuka, mwanamke wa kwanza kutangaza mpira redioni Tanzania. Kaka zangu walikuwa wakinifukuza penye redio, eti mpira si wa wasichana. Siku sauti yake ilipotoka kwenye redio ileile, nilivuta kigoda nikakaa katikati yao, na hakuna aliyenigusa.

Mdau, Dar es Salaam: Mimi sioni tangu utotoni. Watangazaji wa televisheni, hata wale ninaowapenda, hutaja jina la mchezaji wakanyamaza, kwani picha inamalizia. Sijui yuko wapi, anaelekea wapi, amezungukwa na nani. Wa redio ananipa vyote. Kwa hiyo derby tunakaa sebule moja, wenzangu na kioo, mimi na redio sikioni. Na king'amuzi huwa kinachelewa kidogo, kwa hiyo bao likiingia wananijua kwa kelele zangu kabla hawajaliona.