Modi ya basi inauzwa Telegramu bila idhini ya aliyeichora: kisheria mwenye mali ni nani?

konda_wa_pikseli

Habari wakuu. Naomba ufafanuzi kwa wanaojua mambo ya hakimiliki kwenye gemu.

Modi yangu (nyongeza ya gemu inayotengenezwa na mchezaji) ni ya basi, kwa ajili ya Euro Truck Simulator 2 (ETS2), gemu ya kuendesha malori. Bodi, siti na dashibodi nimechora mwenyewe kwenye Blender, programu ya maumbo ya 3D, kuanzia sifuri. Matairi na rimu zinaitwa kutoka kwenye faili za gemu yenyewe. Mngurumo wa injini umetoka kwenye modi ya mtu mwingine aliyekuwa anaigawa bure. Rangi za ubavuni ni za kampuni moja ya mabasi ya hapa nyumbani, na nembo yake ipo. Niliiweka Steam Workshop, sehemu ya duka la Steam ya kugawana modi, bila malipo. Sasa kuna chaneli ya Telegramu inaiuza shilingi 5,000. Jina langu wamelifuta kwenye manifest.sii, faili la maelezo ya modi, wakaandika lao, na ikoni wamebadilisha.

Maswali matatu. Mwenye mali ni mimi, SCS Software waliotengeneza gemu, au Valve wenye Steam? Nikitaka kuiuza mwenyewe naruhusiwa? Na huyu wa Telegramu naye anaondolewaje?

hati_na_leseni

Mkuu, modi haina mmiliki mmoja. Fungua folda upite faili kwa faili, maana umiliki unakaa humo.

Umbo la basi ulilochora, yaani .blend yako na .pmg (umbo linalosomwa na gemu) iliyotoka humo, ni lako tangu ulipolihifadhi. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne wa hakimiliki tangu 1994 na Kenya tangu 1993, na mkataba huo hautaki usajili ndipo haki izaliwe. Tekscha (picha zinazofunika umbo) ulizopaka mwenyewe nazo ni hivyo hivyo.

Faili za .sii (maagizo ya maandishi) kwenye folda ya def ndizo zenye utata. Hazina picha wala umbo, zinaiambia gemu tu ikachukue rimu fulani kwenye njia fulani. Watu wengi hudhani kwa kuwa hawajanakili chochote basi wako salama. Kesi ya Micro Star na FormGen, Marekani 1998, ilisema vingine. Micro Star walikusanya hatua 300 za Duke Nukem 3D, gemu ya FormGen, zilizotengenezwa na wachezaji, wakazichoma kwenye CD iliyoitwa Nuke It na kuiuza. Wakajitetea kwamba faili za MAP hazina hata pikseli moja ya FormGen, ni orodha tu ya kipi kikae wapi. Mahakama ya rufaa ikasema hatua hizo ni mwendelezo wa hadithi ya Duke Nukem, kwa hiyo ni kazi iliyotokana na kazi ya FormGen, na leseni yao iliruhusu wachezaji kuzitoa bure tu. Micro Star wakashindwa. Wachezaji waliozitengeneza hawakuwa upande wowote wa kesi.

Basi lako lina nafuu kuliko hatua za Duke Nukem. Umbo unaweza kulitoa ukalitumia kwenye gemu nyingine au kulipiga picha ya tangazo, na bado likabaki kitu kamili. Def zako nje ya gemu hii hazina maana yoyote.

Sauti si yako. Kugawiwa bure ni ruhusa ya kupakua, na kama mwenyewe hakuandika kwamba inaruhusiwa kuingizwa kwenye modi nyingine, anaweza kuishusha modi yako nzima kama unavyotaka kuishusha ya huyo wa Telegramu. Hapo ndipo ulipo dhaifu kuliko kote.

Nembo ya kampuni ya mabasi ni alama ya biashara. Marekani, mwaka 2020, watengenezaji wa Humvee, gari la kijeshi, walishindwa kesi dhidi ya Activision, wenye gemu ya Call of Duty, mahakama ikikubali kwamba gari hilo kuonekana ndani ya Call of Duty ni sehemu ya usanii. Uamuzi ule umesimama juu ya katiba ya Marekani, usiubebe kwenda nao Kariakoo. Modi ya bure kwa kawaida kampuni huichukulia kama tangazo. Ukianza kupokea hela, mazungumzo yanabadilika.

Valve hawajachukua umiliki. Ukipakia Workshop unawapa leseni isiyo ya kipekee: wanaweza kunakili, kurekebisha na kusambaza, nawe unabaki na kazi yako. Ukiiondoa, waliokwisha kuipata hawanyang'anywi.

seva_ya_usiku

Niongezee kwenye swali la pili, maana jibu linategemea gemu, na tofauti ni kubwa mno.

Mbaya kuliko zote kwa mtengenezaji ni Warcraft III: Reforged. Tangu Januari 2020, sera ya Blizzard inasema ramani zote zinazotengenezwa na wachezaji ni mali ya Blizzard peke yake. Sababu inajulikana: DotA. Ile ilianza kama ramani ya Warcraft III iliyotengenezwa na mchezaji aitwaye Eul mwaka 2003, wengine wakaipokea wakaiendeleza, Valve wakamwajiri IceFrog, mmoja wa walioiendeleza, mwaka 2009, na Blizzard wakabaki kugombania jina hadi walipopatana na Valve Mei 2012. Baadaye ugomvi ulihamia kwa kampuni nyingine, uCool, na mwaka 2017 jaji wa California akalazimika kuchambua andiko la Eul la 2004 ambamo aliwaruhusu watu kutoa matoleo yao, ili kuona kama aliiacha haki yake moja kwa moja. uCool walitaka suala hilo likatwe mapema kwa upande wao, jaji akakataa. Andiko la mistari michache limesumbua mawakili miaka 13 baadaye. Ukiandika "fanyeni mnavyotaka" chini ya modi, jua umeandika leseni.

Minecraft ni kinyume chake. Modi uliyoandika kuanzia mwanzo ni yako, ila huruhusiwi kuiuza, na huruhusiwi kugawa nakala ya gemu iliyochanganywa na modi.

The Sims 4: modi lazima iwe ya bure. Unaruhusiwa michango, na unaweza kuwapa wachangiaji mapema kwa muda wa kuridhisha kabla ya kuifungulia umma. Kuiweka nyuma ya malipo moja kwa moja ni kuvunja sera.

Roblox: ulichotengeneza unabaki nacho lakini unawapa leseni pana sana, na Robux (pesa za ndani ya gemu) unazopata huwezi kuzibadilisha kuwa dola hadi ufikishe 30,000 za kuchuma, si za kununua. Fortnite, tangu Machi 2023, Epic wametenga asilimia 40 ya mapato halisi ya gemu na kuyagawa kwa visiwa (michezo midogo ya watengenezaji) kulingana na wachezaji wanavyovitumia.

Kwa ETS2, Workshop haina sehemu ya kuuza. Kuuza nje ya Workshop, fungua EULA (mkataba wa matumizi) ya SCS na utafute kifungu cha matumizi ya kibiashara kabla hujafikiria bei. Usitegemee kwamba kuna watu wanauza. Wapo wanaouza kila kitu.

Skyrim walijaribu kuhalalisha mauzo ndani ya Steam tarehe 23 Aprili 2015: mtengenezaji asilimia 25, Valve 30, Bethesda (wenye Skyrim) 45. Modi mojawapo ya mwanzo kabisa, ya uvuvi, ikaondolewa kwa sababu ilitegemea mijongeo ya mtu mwingine aliyekuwa ameitoa bure. Mpango mzima ulifutwa tarehe 27 Aprili. Lile la sauti ya injini yako ni hilo hilo.

mtaa_wa_kodi

Kutoka Nairobi. Kuna jambo hamjaligusa: je, kampuni ya basi ilikulipa uchore? Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi iliyoagizwa na mtu, au iliyofanywa ndani ya ajira, haki yake inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wachoraji wa matatu za kwenye gemu wanashikwa hapa. Mwenye gari anatuma hela kidogo apate skini ya gari lake, hakuna karatasi, kisha mchoraji anashangaa kuambiwa skini si yake. Ujumbe mmoja wa WhatsApp kabla ya kazi unatosha: "Mchoro unabaki wangu, wewe una ruhusa ya kuutumia kwenye matangazo ya gari hili." Akijibu sawa, hifadhi.

Na kama mko kikundi, mmoja umbo, mwingine tekscha, mwingine sauti, angalieni yaliyowapata Bukkit, mradi wa programu ya seva za Minecraft (CraftBukkit). Mojang, wenye Minecraft, walikuwa na mradi mikononi tangu 2012, lakini waliochangia kodi (maandishi ya programu, yaani "code") hawakuwahi kusaini kuhamisha haki zao. Septemba 2014 mchangiaji mmoja akatuma notisi ya DMCA (sheria ya Marekani ya kuondoa kazi zilizoibwa mtandaoni) juu ya kodi yake mwenyewe. Alidai kwamba kodi yake imetolewa kwa leseni ya GPL (ya programu huria) na imechanganywa na kodi ya Mojang ambayo haijafunguliwa. CraftBukkit ikashuka, seva nyingi za Minecraft zikabaki hazina pa kupakulia.

konda_wa_pikseli

Shukrani wakuu. Hakuna aliyenilipa, na nilifanya kazi peke yangu. Basi tuje kwenye kumwondoa huyu jamaa. Na kuna namna ya kuweka alama ndani ya modi asiyoweza kuifuta?

hati_na_leseni

Kabla ya yote, toa ile sauti kwenye modi yako na upakie toleo jipya. Ukituma notisi huku umebeba mali ya mtu, umempa mwenzako silaha.

Kisha ushahidi, kabla hajajua unamfuatilia. Picha za skrini za chaneli zinazoonyesha jina lake la @, tarehe, bei na namba ya kupokelea malipo ya simu. Pakua faili analouza, ulitolee SHA-256 (namba inayotambulisha faili lenyewe), ulihifadhi bila kulifungua upya. Upande wako: faili za .blend za hatua mbalimbali, si ile ya mwisho tu. Mtu aliyeiba anayo .pmg. Hana lile toleo ambalo basi bado halina milango.

Telegramu wanapokea malalamiko ya hakimiliki juu ya vitu vya wazi: chaneli, boti na stika. Akiwa kwenye chaneli, tuma kwa anwani yao ya hakimiliki. Akihamia kikundi cha siri, achana na Telegramu, fuata faili linapokaa, iwe MediaFire au Google Drive. Huko kuna fomu, na kiungo kikifa bidhaa yake imekufa hata kama kikundi kipo.

Notisi ya DMCA inataka: kazi yako ni ipi na iko wapi (kiungo cha Workshop), kiungo kamili cha kila ujumbe au faili lenye wizi, jina lako na mawasiliano, tamko kwamba unaamini kwa nia njema matumizi hayo hayana ruhusa, tamko la ukweli chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, na sahihi, hata ya kuandika jina. Zinazokataliwa nyingi ni kwa sababu mtu ameweka kiungo cha chaneli nzima badala ya ujumbe wenyewe. Dai umbo na tekscha zako tu. Usidai rimu, nembo wala "basi zima".

Ujue kwamba jina na anwani unayoandika vinaweza kumfikia. Akituma pingamizi, huduma itarudisha faili baada ya siku 10 hadi 14 za kazi usipoonyesha kwamba umefungua kesi. Wengi wa aina hii hawapingi, kwa sababu pingamizi linadai jina halisi na anwani.

Nyumbani, COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania) wanasajili kazi na cheti chao kinasaidia kama utafika polisi au mahakamani. Kenya ni KECOBO (bodi ya hakimiliki), na tangu marekebisho ya 2019 sheria yao ina utaratibu wake wa notisi ya kuondoa.

fundi_wa_dds

Alama. Jina kwenye manifest.sii si alama, ni maandishi tu, mtu anafungua .scs (faili la modi) kama zip na kulifuta kwa dakika moja. Kufunga .scs kwa kuharibu vichwa vya zip kunamchelewesha asiyejua, anayejua anapita.

Weka alama kwenye umbo. Pembetatu ndogo mbili au tatu zisizounganishwa na chochote, ndani ya sakafu juu ya ekseli ya nyuma, zikae kwenye namba unazozijua wewe, mfano X 0.1873, na uziandike mahali. Usiziache zinaelea nje ya bodi, maana akigeuza modeli kwenye Blender ataziona. Anayeamua kupunguza poligoni atazifuta, lakini wauzaji wa shilingi 5,000 hawahangaiki kiasi hicho.

Kwenye tekscha, wengi wanaandika herufi zao kwa mistari ya pikseli moja kisha wanashangaa zimepotea. DDS (faili la tekscha) ya DXT5 (njia ya kubana) inabana picha kwa vipande vya pikseli 4 kwa 4, na kila kipande kinabakiwa na rangi mbili za msingi tu na za katikati yake. Mstari wa pikseli moja unasagika humo. Chora kwa miraba ya 4x4 yenye rangi moja, ianzie kwenye pikseli inayogawanyika kwa 4, na iwe sehemu ya tekscha ambayo UV (mpangilio wa kuibandika kwenye umbo) haiifikii, ili isionekane kwenye gari. Ukitumia DXT1, usifiche kitu kwenye alfa (uwazi wa picha). Humo alfa ni ama ipo au haipo tu, thamani za katikati hazibaki.

Sauti mpya: tangu toleo la 1.37 ETS2 inatumia FMOD (mfumo wa sauti), kwa hiyo unahitaji faili la .bank, si kubadilisha .wav kama zamani. Rekodi basi halisi likiwa limesimama, injini ishikiliwe kwenye mzunguko mmoja kwa sekunde kumi hivi, kisha upande hatua kwa hatua: kwanza injini bila kukanyagwa mafuta, halafu karibu mizunguko 1,000, 1,500 na 2,000 kwa dakika. Fanya mara mbili, maikrofoni nje nyuma ya injini na tena ndani kwa dereva. Redio izimwe. Wimbo ukisikika nyuma, umejiletea mwenye mali mwingine.