Tupeane uzoefu: safari ndefu ya ndege unaipitishaje?

Msafiri wa Alhamisi (mwanzisha mada):
Wakuu salaam. Wiki ijayo narudi Marekani. Dar hadi Ghuba masaa 5 na nusu, hiyo sina shida nayo. Shida ni ile ya pili, masaa 14 na ushee bila kushuka.

Mara ya mwisho niliteseka. Kioo cha mbele yangu kiligoma tangu tunaruka. Mhudumu akakizima akakiwasha, akakizima akakiwasha, mwisho akaniletea glasi ya maji na pole. Ndege imejaa, pa kuhamia hakuna. Nikajipa moyo kwamba kwenye simu nimepakua tamthilia msimu mzima. Kufungua, programu inaniambia niunganishe intaneti kwanza. Chaji yenyewe imebaki asilimia 30 na kitu, na pawabenki nimeisahau nyumbani juu ya friji. Nilisoma ile kadi ya usalama mpaka nikajua milango yote ilipo. Nikajua na jirani yangu anavyokoroma: mara tatu fupi, moja ndefu.

Sasa nyie mnafanyaje? Na asije mtu akaniambia nilale. Mimi hata basi la Mbeya silali.

Kaka Mpole:
Lala mkuu.

Mzigo wa Xiaobei:
Mimi ni wa Kariakoo, China nimeenda mara nyingi kiasi. Zamani nilikuwa naangalia filamu mpaka macho yanawaka, nafika Guangzhou kichwa kizito na siku hiyo hiyo natakiwa sokoni. Siku hizi nabeba daftari la mistari na kalamu mbili. Napanga mzigo: mabegi katoni ngapi, viatu katoni ngapi, kila katoni inakula nafasi kiasi gani kwenye kontena, nikipunguza hiki naweza kuongeza kipi. Ukianza hesabu ya pesa yako mwenyewe, usingizi haukusumbui na wala hukumbuki kiti kinabana.

Ila safari ambayo sitaisahau nilikaa na mama mmoja wa Kichina, umri wa mama yangu. Kiingereza hana, Kiswahili hana, mimi Kichina changu ni salamu na "bei gani". Akaona daftari langu lina tarakimu, akacheka, akaanza kunifundisha kuhesabu kwa mkono mmoja. Moja hadi tano ni kama sisi. Sita unanyoosha kidole gumba na kidole cha mwisho, vingine unakunja. Nane unanyoosha gumba na cha shahada kama bastola ya watoto. Nikikosea ananipiga kofi dogo mkononi, tunarudia. Tulifanya hivyo karibu saa nzima, watu wa nyuma wanatuchungulia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini safari iliyopita muuzaji mmoja alinionyesha ile sita nami nikadhani anasema "nipigie simu". Nikampa namba yangu. Kumbe alikuwa ananitajia bei!

Mama wa Mmoja:
Nyie mnaongelea kuchoka, mimi nilisafiri na mtoto wa miaka mitatu. Dawa yangu: vitu vidogo kumi, vya bei ya kutupa, kila kimoja nimekizungushia gazeti na gundi nyingi. Kigari, stika, kidaftari, shanga za kutunga. Kila baada ya saa moja namkabidhi kimoja. Kufungua tu ni dakika kumi za amani. Na wakati wa kushuka pipi ya kijiti, masikio yasimuume.

Kilichonishinda ni shikamoo. Bibi yake alimfundisha vizuri mno. Nikimtembeza kwenye njia ya katikati anasimama kila kiti, "shikamoo", na haondoki mpaka aitikiwe. Wazungu watu wazima nimewafundisha kusema marahaba juu ya Mediterania. Zilitupotea dakika arobaini hivi, na safari ya pili chooni wakawa wanamwitikia kabla hajasema.

Fundi Voi:
Baba yangu hakuwa amewahi kupanda ndege. Mwaka 2019 nilimchukua Nairobi kwenda London, ile ya mchana, safari ya karibu masaa 9. Nikamwonyesha filamu, muziki, michezo. Akasema asante, ila nirudishie ile ramani.

Basi akavaa miwani, akasogea karibu na kioo, na hapo alikaa safari nzima. Alitoa kalamu ya mfukoni, nyuma ya karatasi ya kupandia ndege akawa anaandika: saa, kasi, kimo, baridi ya nje. Ilipoonyesha hasi 54 aligusa dirisha kwa kiganja, akaniangalia kama nimemdanganya. Tulipofika juu ya jangwa akachungulia chini. "Huu wote ni mchanga?" Wote, baba. Akasinzia kidogo, akaamka. "Bado mchanga?" Bado. Akala chakula, akaenda msalani, akarudi akachungulia tena. "Bado?" Bado. Akakunja mikono, akasema basi Mungu alikuwa na nafasi ya kuchezea.

Mimi nilikuwa nimepakua filamu nne. Sikumaliza hata moja. Ile karatasi iko ndani ya Biblia yake mpaka leo.

Kaka Mpole:
Huyu mzee nimempenda. Mimi bado nasema lala.

Ukuti Ukuti:
Assalaam alaykum. Mie nashona kofia. Mombasa hadi Toronto, na kituo kimoja katikati, nashona kofia ya mkono, vile vitobo vyake. Kitambaa kidogo, sindano moja, uzi, vyote vyaingia kwenye kipochi cha miwani. Mkasi sibebi, uzi naukata kwa kikatakucha. Sindano hawajawahi kunizuilia, ingawa yategemea askari uliyempata, kwa hiyo msibebe ile mnayoipenda.

Uzuri wake, kitobo kimoja chataka macho yote. Ukimaliza safu ukiinua kichwa, chakula kishapita. Kijana mmoja aliyekaa nami aliniuliza nauza bei gani. Nikamwambia hii ni ya mume wangu, miezi sasa yangoja. Akaniuliza, basi huyo mumeo asafiri nawe lini ajue inavyochelewa? Nikacheka hadi sindano ikanichoma.

Msafiri wa Alhamisi:
Jamani asanteni. Nimefanya hivi: pawabenki nimeshaiweka kwenye begi la mkononi, maana kwenye begi kubwa hairuhusiwi. Tamthilia nimepakua upya, halafu nikazima intaneti na kufungua kila sehemu moja moja kuhakikisha imeshuka kweli. Mbili zilikuwa hazijashuka! Daftari nimenunua.

Dada Ukuti Ukuti, hiyo kofia mwanaume asiyejua hata kushona kifungo anaweza kuianza?

Ukuti Ukuti:
Anza na kifungo, mwanangu. Una hadi Alhamisi.